Profesa Shuka na Mgonjwa Aliyekuja Kukagua

Kama hujawahi kulazwa mchana kweupe chini ya shuka moja jepesi, umevaa gauni lililo wazi mgongoni, na darasa zima limesimama linakutazama, basi hujasoma uuguzi kwa Profesa Shuka. Hilo ndilo lilikuwa somo lake la kwanza kila mwaka. Unaingia na daftari lako jipya na kalamu zako za rangi, unadhani utaandika maana ya uuguzi, kumbe unaambiwa panda kitandani. Kushuka hakuna. Ukitaka maji, uombe. Ukitaka kujisaidia, uombe pia. Na glasi ya maji yenyewe iko pale dirishani, unaiona kwa macho yako, mkono haufiki. Wapo waliocheka mpaka wakashika mbavu, wapo waliolia, na yupo jamaa mmoja mnyanyua vyuma aliyekauka na kiu asubuhi nzima kwa aibu ya kuomba, mpaka mwishowe akaomba kwa kunong'ona. Jamaa huyo leo ni mkuu wa wauguzi wa hospitali kubwa, na ukifika kwake maji utayakuta karibu na mkono.

Jina la Shuka alipewa na hao hao wanafunzi. Lile la kwenye vyeti hata karani wa mishahara alikuwa analitafuta kwa kupapasa.

Somo hilo hakuliokota vitabuni. Alipokuwa muuguzi kijana alikuwa moto wa kuotea mbali. Sindano yake haiumi, kitanda alichotandika hakina kunyanzi, mitihani yote anaongoza yeye, na kuringa alikuwa anaringa kidogo, tusimfiche. Siku moja akateleza kwenye ngazi za hospitali yake mwenyewe, mguu ukavunjika, akalazwa wodi yake mwenyewe, akahudumiwa na mwenzake aliyekuwa hodari kama yeye. Dawa zilikuja kwa wakati. Bandeji ilikuwa safi. Maji yaliwekwa dirishani. Mwenzake alipita kila mara, akauliza, "Unaendeleaje?" macho yakiwa kwenye faili, na kabla hajajibiwa yuko kitanda cha tatu. Alipotoka na magongo yake akamwambia mumewe ndani ya teksi, "Baba watoto, sisi kazi hatujafundishwa." Mumewe, fundi saa, mtu mpole wa maneno machache, alidhani ni dawa za maumivu zinaongea.

Hazikuwa dawa. Mguu ulipopona mama huyo akarudi shule. Akasoma, akafundisha, akasoma tena, na fundi saa akawa analea watoto dukani kwake katikati ya saa za ukutani, ndiyo maana wale watoto mpaka leo hawajui kuchelewa. Akapanda ngazi za chuo polepole, huku akiuliza maswali yaliyowakera wakubwa. Kwa nini wauguzi wanafundishwa na watu ambao hawajashika beseni miaka nenda rudi? Kwa nini kitabu cha uuguzi kimeandikwa kwa maneno ambayo mgonjwa hawezi kuambiwa? Akakaa chini akaandika kitabu chake, cha maneno ya kawaida, kikatembea vyuoni mpaka majalada yake yakawa yanafungwa kwa plasta za vidonda. Hata waliokuwa wanakerwa wakaanza kukitumia, kimya kimya, wamekivika jalada la kitabu kingine.

Lakini adui yake mkubwa alikuwa Bwana Mpira. Huyu ni sanamu la mpira la chumba cha mazoezi, lenye mikono, miguu na tabasamu la kudumu, ambalo wanafunzi wote walifanyia mitihani. Bwana Mpira hana haya. Mshipa wake haukimbii sindano, dawa hatemi, na hana mke anayelia kwenye korido. Wanafunzi walifaulu kwake kwa alama za juu, kisha wakifika wodini, mgonjwa akiwauliza tu, "Mwanangu, nitapona?" wanageuka kuwa Bwana Mpira wao.

Basi Profesa akaja na jambo lake. Akapita mtaani akakusanya watu: fundi viatu, dereva mstaafu, bibi mmoja aliyefanya kazi posta maisha yake yote na aliyejua kukohoa mpaka madaktari waliokuwa wanapita nje wakaingia mbio. Akawafundisha kuwa wagonjwa. Mwanafunzi anafanya mtihani na mtu mwenye ulimi, huku mwalimu anatazama nyuma ya kioo. Sharti lilikuwa moja tu, na lilikuwa la chuma: mwigizaji akishaingia kwenye ugonjwa wake hatoki, hata umwambie nyumba yake inaungua, mpaka Profesa mwenyewe aje amguse bega.

Nyota wa kikosi hicho alikuwa shemeji yake, mdogo wake fundi saa, mwoka mikate. Mwoka mikate huyo alizaliwa kwa ajili ya kulia, kuzimia na kukata roho. Mwaka mmoja alipewa ugonjwa wa moyo, akauigiza kwa bidii mpaka mwanafunzi aliyekuwa anamhudumia ndiye aliyebebwa kwa machela. "Shemeji," Profesa alimwambia siku ile, "punguza." Shemeji akaahidi kupunguza, na hakupunguza hata chembe.

Sasa, wakubwa wa baraza linalosimamia mafunzo ya uuguzi hawakuupenda mtihani huo. Wakauita mchezo wa jukwaani. Vikao vikakaa, maneno yakapanda na kushuka, mwishowe ikaamuliwa aje mkaguzi, auone kwa macho yake, na neno lake ndilo litakuwa la mwisho. Akiukubali, utaingia vyuo vyote. Akiukataa, chumba kinafungwa na wanafunzi wote wanarudi kwa Bwana Mpira. Na Profesa Shuka alikuwa anastaafu mwisho wa mwaka huo huo. Nafasi nyingine hakuwa nayo, na hakuwepo wa kumwachia vita hivyo.

Mtu mwingine angejipanga kwa adabu. Yeye, kwa kuwa utani ulikuwa kwenye damu, akakaa jikoni kwake akamtungia shemeji ugonjwa wa siku hiyo: mzee mwenye homa kali, akili imemruka, anadai yeye ni mkaguzi amekuja kukagua hospitali, na hataki kuguswa. Alicheka peke yake mpaka chai ikamwagika. Fundi saa akainua kichwa kutoka kwenye saa aliyokuwa anaifungua, akasema, "Mama watoto, utatafuta pa kujificha." Hakusikilizwa.

Siku ikafika. Mkaguzi alitarajiwa kuja na msafara, gari na suti. Kumbe alikuwa mtu asiyeamini watu kirahisi. Akaja mapema, peke yake, kwa miguu, kupitia mlango wa nyuma, ili awakute jinsi walivyo. Lifti ilikuwa mbovu. Alipanda ngazi zote mpaka juu, akatokea kwenye korido jasho linamtiririka, anahema, amejishika tumbo kwa mkono mmoja. Mtunza chumba cha mazoezi, mama mnene mwenye haraka zake, akamwangalia akaridhika kabisa.

"Wewe ndiye wa kitanda cha mwisho?"

"Mimi ni mkaguzi," akasema, pumzi bado hazijarudi.

"Safi sana, umeshaanza. Vua nguo zote za nje, vaa hili gauni. Nguo nakuwekea kabatini."

Na mkaguzi akavua. Usimcheke. Ni yeye mwenyewe aliyewahi kutoa agizo kwamba mgeni asiingie chumba cha mazoezi na vumbi la barabarani, akafurahi kuona kuna chuo kinachotii. Akavaa gauni, akashangaa kidogo kwamba limefungukia nyuma, akakaa ukingoni mwa kitanda atafute vikamba vyake. Mtunza chumba akafunga kabati, akatia funguo mfukoni, akaenda zake. Suruali imo ndani. Simu imo ndani. Kengele ya mtihani ikalia, pazia likafunguka.

Aliyeingia ni binti mmoja wanayemwita Kimya. Huyu kwa Bwana Mpira alikuwa ameshaanguka mara mbili, kwa sababu alikuwa anasimama tu, hajui amwambie nini mtu wa mpira. Mara hii akianguka, anarudi nyumbani.

"Habari za asubuhi, mzee wangu. Mimi ndiye muuguzi wako leo."

"Hapana, binti. Mimi si mgonjwa. Mimi ni mkaguzi."

"Sawa, mzee wangu."

"Nimekuja kukagua hapa. Natoka barazani."

"Mbali huko. Ndiyo maana umechoka. Lala kidogo tuangalie mapigo ya moyo, halafu utaniambia unakagua nini."

Mkaguzi alitaka kusimama. Gauni likamkumbusha hali yake kwa nyuma. Akalala.

Nyuma ya kioo Profesa Shuka alikuwa amejiziba mdomo kwa skafu. Sura ya mgonjwa yule hakuijua, lakini hilo halikumshtua. Shemeji akipatwa na dharura ya tanuri huwa anatuma rafiki. Na rafiki huyu, jamani, alikuwa hatari. Anavyotoa macho! Anavyosema, "Nitaripoti jambo hili," kwa sauti ya mtu aliyezoea kuripoti! Kimya akamfuta jasho la uso, akamfuta shingo, akamwinua mkono amfute kwapani, na mgonjwa akasema, "Binti, mimi nina saini ya kufunga chuo hiki," naye Kimya akajibu, "Basi mkono huo tuutunze vizuri, mzee wangu." Profesa akateremka kwenye kiti kwa kicheko. Shemeji amepata mpinzani, akawaza.

Simu ya mezani ikalia. Alikuwa mkuu wa kitivo, sauti imemkauka.

"Profesa, mkaguzi amefika. Naomba uje upesi."

"Amefika wapi?"

"Yuko kwenye kiti changu. Kiti cha wageni amekikataa. Anasema hospitali nzima ni chafu na sote tumefukuzwa. Anatetemeka. Halafu, samahani Profesa, ana unga kwenye nyusi."

Profesa aligeuka taratibu akatazama kioo. Mtu wa kitandani hakuwa na unga popote. Alikuwa na saa nzuri mkononi, kidevu kilichonyolewa vizuri, na uso wa mtu aliyefanyiwa jambo ambalo halijawahi kumpata. Kicheko kikakatika. Maisha yake yote ya ualimu yalikuwa pale kitandani, yanafutwa kwapa.

"Profesa, upo? Nimfanye nini?"

"Mpe chai," akasema. "Na umfunike blanketi."

"Mkaguzi?"

"Blanketi," akarudia, akakata simu.

Mbele yake palikuwa na kitufe cha kengele. Akikibonyeza, mtihani unakatika, anaingia, anapiga magoti, anaomba radhi, pengine mtu yule ana moyo wa kusamehe. Ila mtihani ukikatika Kimya ameanguka. Na asipobonyeza, kila dakika inaongeza makosa juu ya makosa. Akanyoosha kidole, kidole kikafika kwenye kitufe, na hapo hapo Kimya akavuta stuli. Hakuna aliyemfundisha aivute wapi. Akakaa karibu, chini kidogo ya macho ya mgonjwa.

"Mzee wangu, tuweke ukaguzi pembeni kidogo. Mapigo yako yanakwenda mbio. Wewe mwenyewe, kitu gani kinakukosesha usingizi?"

Mkaguzi akafungua mdomo ajibu kwa ukali, na ukali haukutoka. Alitazama dari. Alitazama pazia.

"Jumatatu nafanyiwa upasuaji," akasema.

Kimya akainama kidogo amsikie vizuri.

"Ni uvimbe. Hapa tumboni. Hawajui bado ni wa aina gani."

"Nyumbani nani anajua?"

"Hakuna."

"Na mama wa nyumbani?"

"Yeye anajua nimekuja kukagua."

Profesa akaondoa kidole kwenye kitufe. Maneno yale hayakuwemo kwenye ugonjwa alioutunga jikoni, na wala hakuna mtu anayetunga maneno ya namna ile. Kimya hakuyajua hayo. Kwake bado huyu ni mwigizaji wa mtaani, na bado hakumwambia usijali, hakumwambia utapona, hakumtania. Aliuweka mkono wake juu ya mkono wa yule mzee, akauacha pale.

"Unaogopa nini zaidi?"

"Utaniona mjinga."

"Niambie tu."

"Kulala hivi, watu wananitazama. Mimi ndiye huwa natazama."

"Nikufunike?"

"Nifunike," akasema mkaguzi, na sauti yake ilikuwa ndogo. Kimya akavuta shuka mpaka mabegani, akaliweka sawa, akabaki amekaa. Nyuma ya kioo mwanamke mzima mwenye shahada za kutosha alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, skafu imelowa yote.

Kengele ya mwisho ikalia yenyewe. Kimya alitoka kichwa chini. "Mwalimu, nimeharibu. Karatasi ilisema homa, mimi nikamwacha aongee mambo mengine." Profesa akamwambia nenda kanywe chai, tutaongea, akasukuma pazia, akaingia.

Alikuwa na hotuba nzima ya kuomba radhi. Hakuitoa, kwa sababu mlango ulifunguliwa kwa kishindo akaingia mkuu wa kitivo, tai imekwenda upande, akimsindikiza kwa heshima zote mwoka mikate aliyejifunga blanketi kama joho. Shemeji alikuwa kwenye kilele cha homa yake. Akamnyooshea kidole mtu wa kitandani.

"Na huyu afukuzwe. Anakula chakula cha hospitali bure."

Profesa akamgusa bega. Papo hapo homa ikaisha. "Shemeji, nilikuwaje?" akauliza mwoka mikate, akijifuta unga. "Huyu bwana alinikuta mlangoni nimeshaanza homa, akawa ananiamkia mara kumi kumi, nikasema leo nimefika."

Mkuu wa kitivo alimtazama shemeji, akamtazama mtu wa kitandani, akaiona ile saa nzuri, akaelewa. Alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya Bwana Mpira, ambaye hakulalamika. Kisha kitanda kikaanza kutikisika. Shuka lilikuwa linapanda na kushuka, na Profesa akarukia kumshika mgonjwa akidhani amezidiwa, kumbe mkaguzi anacheka. Alicheka bila sauti kwanza, halafu kwa sauti, amejishika tumbo lake, machozi yanamtoka, na kila akijaribu kuacha anamwona mkuu wa kitivo juu ya Bwana Mpira na kuanza upya.

Alipotulia aliomba wengine watoke. Profesa akakaa kwenye stuli ile ile.

"Nisikufiche," mkaguzi akasema. "Uamuzi niliuandika nyumbani kabla ya kuja. Niliukataa mtihani wako. Nilikuja kutimiza safari tu."

"Nilijua wengi mmeshaukataa."

"Yule binti alijua mimi ni nani?"

"Hakujua. Anadhani ulikuwa unaigiza. Mpaka sasa anaamini ameanguka."

Mkaguzi akachezea ukingo wa shuka.

"Mimi nimekagua wauguzi tangu nywele zangu ni nyeusi," akasema. "Nimewahesabia hatua zote za kuosha mikono. Sijawahi kuona nilichofanyiwa leo, kwa sababu ukiwa umesimama hakionekani. Mtihani wako umepita, Profesa. Vyuo vyote. Nitaandika upya leo leo. Na binti yule asianguke, tafadhali."

Profesa Shuka alikuwa ameisubiri sentensi ile miaka mingi, na alikuwa ameshapanga atakavyoruka, atakavyomkumbatia mtu wa karibu, atakavyompigia simu fundi saa na kumpigia kelele mpaka saa zake zisimame. Furaha ilimjaa mpaka ikataka kumpasua. Lakini macho yake yalikuwa kwa mtu aliyelala mbele yake, na yule mtu alikuwa bado amejishika tumbo.

"Jumatatu," mkaguzi akasema, kwa aibu, "huyo binti anaweza kuwepo? Hata kwa kupita tu."

"Atakuwepo. Na mimi nitakuwepo." Akainuka akamwita mtunza chumba, akachukua funguo, akafungua kabati. Suruali akaiacha. Akatoa simu, akamwekea mkononi. "Ila mama wa nyumbani aje kabla yetu sisi."

"Nitamwambia jioni."

"Sasa hivi, mzee wangu. Nakaa hapa mpaka apokee."

Mkaguzi aliishika ile simu muda mrefu. Halafu akabonyeza, akaiweka sikioni, na iliposikika sauti upande wa pili akafumba macho.

"Mke wangu," akasema. "Hapana, bado sijamaliza kukagua. Niko kitandani. Sikiliza kwanza, nina jambo."

Profesa akatoka, akavuta pazia nyuma yake, akasimama mlangoni asiingie mtu.